Namna ya Kuupima Mfumo wa Hesabu Uliohamishwa

Mtu aliyepewa dhamana ya kupokea mfumo wa hesabu uliohamishwa, awe mweka hazina wa halmashauri ya Karagwe pale Kayanga au ya Kyerwa pale Rubwera, au karani wa chama cha msingi kinachopeleka kahawa yake katika ushirika wa KDCU, aghalabu huonyeshwa kwanza sura mpya ya kioo na wepesi wake wa kufunguka. Naye, akiwa mwungwana, husifu. Lakini ustadi wa kazi hii haukai kiooni. Ningemnasihi aombe kabla ya yote karatasi mbili ziwekwe ubavu kwa ubavu: urari uliotolewa na mfumo wa zamani saa ulipofungwa, na urari uliotolewa na mfumo mpya kabla haujaingizwa muamala hata mmoja, na jumla zikilingana asiridhike bado, maana jumla mbili huweza kulingana ilhali ndani yake hesabu ya mmoja imepungua na ya mwenziwe imezidi kwa kiasi kile kile, bali ashuke mpaka akaunti moja moja, na chini ya akaunti mpaka mkulima mmoja mmoja, kilo zake za kahawa ya maganda, malipo yake na bakaa yake.

Wilaya hizi mbili zimezoea kuhama. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na mwaka huo huo halmashauri nchini zilipokea mfumo wa Epicor toleo 9.05, mwaka 2018 likaja toleo 10.2, na baadaye MUSE ya Wizara ya Fedha ikashika mahali pake, huku makusanyo ya mapato yakitoka katika mfumo wa LGRCIS na kwenda katika ule wa TAUSI. Hata pale jina la programu lilipobaki lile lile, kilicho chini yake kiligeuka: toleo la 9 liliweza kukalia kanzidata ya Progress au ya SQL Server, lakini la 10 lilikubali SQL Server peke yake. Nayo Microsoft iliacha kuitunza SQL Server 2008 mwezi Julai 2019 na Windows Server 2008 mwezi Januari 2020, hata asiyependa kuhama akalazimika, kwa kuwa mashine isiyopata tena viraka vya usalama haifai kukabidhiwa fedha za umma.

Alama ya kwanza ya fundi mahiri huonekana katika siku aliyoichagua. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30, na kwa mtazamo wa vitabu hiyo ndiyo siku nyoofu ya kuhama. Walakini huku kwetu Juni ni mwezi wa kahawa, ghala za vyama vya msingi zinapokea maganda, na ushuru wa mazao unaingia kwa wingi. Fundi asiyelijua hilo husimamisha mashine za kukusanyia ushuru wakati malori yako njiani. Anayelijua huchukua nakala nzima ya kanzidata majuma kadhaa kabla, akaihamisha na kuikagua kwa utulivu, kisha usiku wa mwisho akabeba yale tu yaliyoongezeka baada ya nakala ile, hata kazi iliyoogopwa kuwa ya siku tatu ikawa ya saa chache.

Ushuru huo huo hutupatia kipimo ninachokithamini mno. Mwaka 2017 sheria iliushusha kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara. Basi mpokeaji aitafute risiti ya kahawa ya mwaka 2016, aagize mfumo mpya uichape tena, na atazame kwa makini: ikitoka na asilimia 5, aliyehamisha alibeba kiwango pamoja na tarehe zake, ikitoka na asilimia 3, alibeba kiwango cha leo peke yake, na historia yote iliyo nyuma yake imepindishwa bila ya mtu kuipindisha kwa makusudi.

Herufi nazo zina siri zake, na hapa ndipo wengi hukwama. Kifungu cha ushuru wa mnada wa ng'ombe kina kialama kimoja kidogo baada ya herufi g. Kikiandikwa wima ni namba 39 katika mtindo wa zamani na wa sasa, nacho huvuka salama. Lakini karani aliyekinakili kutoka katika Word alileta kile kilichojikunja, ambacho katika Windows ya zamani ni namba 146, na katika UTF-8, mtindo wa siku hizi, ni namba tatu zinazofuatana. Asipokigeuza kwa hadhari, fundi hukabidhi mfumo wenye neno «ngâ€™ombe», na anayetafuta kifungu kile kwa jina lake hakipati, ijapokuwa fedha zake zimo. Fauka ya hayo kuna majina ya watu, ambayo ulimi wa huku huyachukua kwa R na kwa L bila ubishi, hata Rwegasira wa daftari moja akawa Lwegasira wa daftari jingine. Fundi mwepesi wa mikono huwaunganisha kwa kudhani ni mmoja. Aliye stadi hawagusi. Huwaandika katika orodha ya mashaka na kumpelekea katibu wa chama, ambaye anawajua kwa nyuso, kwa kuwa mhamishaji hakuajiriwa kuamua nani ni nani.

Mambo ya mfumo endeshi ni mepesi kidogo. Windows haibagui «Ushuru» na «ushuru» katika majina ya mafaili, Linux hubagua, na ripoti iliyofunguka jana leo hukataa. Seva nyingi za Linux huwekwa katika saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Isiporekebishwa, muamala wa saa nane usiku wa Julai 1 huandikwa Juni 30, yaani katika mwaka mwingine wa fedha.

Ama njia ya kurudi, hiyo isiulizwe kwa maneno. Fundi aeleze, kwa maandishi na kabla ya usiku wenyewe, ni saa ngapi na kwa dalili zipi ataacha kuendelea na kuurejesha mfumo wa zamani, na aonyeshe kwamba aliwahi kuurejesha katika mazoezi. Nakala rudufu ambayo haijapata kufunguliwa siihesabu kuwa nakala. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo mtu wa Kagera hawezi kulipuuza, jibu la jenereta halitoshi: aulizwe kanzidata itakuwa katika hali gani.

Mwisho atazame mashine ya zamani. Mkaguzi wa CAG haji kwa ajili ya mwaka huu peke yake, na huweza kutaka hati ya malipo iliyoandikwa kabla ya kuhama, pamoja na jina la aliyeiidhinisha. Kabla hajatia sahihi ya mapokezi, mweka hazina aulize nywila ya mfumo ule iko kwa nani, amwite huyo, na hati moja ya mwaka 2014 ifunguliwe na kuchapwa mbele yake.