Neno Moja la Kipepeo

Katika semina moja mwaka jana, mwenzangu alisema Kiswahili ni lugha maskini kwa mambo ya viumbe: vipepeo wote tunawaita vipepeo, basi. Sikumjibu. Nilirudi chumbani na hasira yangu, nikafungua orodha ya vipepeo katika Systema Naturae ya Carl Linnaeus, toleo la 10 la mwaka 1758, ambalo wanasayansi wanalihesabu kuwa mwanzo wa majina rasmi ya wanyama. Kilatini sikijui, lakini majina yanasomeka. Niliyasoma kama ninavyosoma diwani.

La kwanza lilinichekesha. Linnaeus naye alianza na neno moja. Vipepeo wote aliwatia katika jenasi moja, Papilio, na papilio kwa Kilatini ni kipepeo. Ushairi ulikuja kwenye jina la pili. Wale wakubwa aliwagawa kama majeshi ya vita vya Troya, Watroya huku na Wagiriki kule: Priamus, Hector, Machaon. Waliomfuata wakauendeleza mchezo huo. Leo jenasi Papilio imepunguzwa hadi spishi karibu 200, ila harufu ya Homer haijaitoka.

Kipepeo wa michungwa, kwa mfano, ni Papilio demodocus. Demodocus ni yule mwimbaji kipofu anayemliza Odysseus kwa nyimbo za vita. Jina tamu. Lakini kipepeo huyu ninamjua. Kwa bibi yangu, Muheza, tulipewa chungwa moja kwa kila viwavi kumi tuliowaokota kwenye miche. Kiwavi mdogo hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa wa kijani, na ukimgusa huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Katika jina Demodocus hakuna mti, hakuna kiwavi, hakuna harufu. Ni jina la mdudu mkavu aliyechomwa pini.

Hapo ndipo ninapowalaumu wasomaji hawa wa mabawa: walisoma jalada wakadhani wamemaliza kitabu. Papilio dardanus, anayepatikana Afrika peke yake, aliwaumbua. Dume ana rangi ya manjano na nyeusi, na mikia kwenye mabawa ya nyuma. Majike wa sehemu nyingi za bara hawana mikia, na huiga sura za vipepeo wengine ambao ndege huwaona wachungu. Basi wakaandikwa kama spishi mbalimbali: cenea, hippocoon, trophonius. Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyekuwa akifanya kazi Cape Town, alidai kwamba wote hao ni wake wa dume mmoja. Wengi hawakuamini. Miaka michache baadaye viwavi waliofugwa hadi wakaota mabawa walimpa haki.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka bibi. Hakuwa na jina la spishi. Alituonyesha kipepeo akizunguka juu ya mchungwa, akasema, "Yule ndiye mama yao." Sentensi hiyo inaunganisha yai, kiwavi, mti na mabawa, na ndiyo iliyokosekana makabatini Ulaya kwa miaka mingi.

Sisemi bibi alimshinda Linnaeus. "Mama yao" haitamsaidia mtu wa Cape Town na mtu wa Muheza kujua kama wanazungumzia mdudu mmoja, na majina mawili ya Kilatini yanaweza. Ninachosema ni kwamba mwenzangu alihesabu maneno vibaya. Umaskini si kuwa na neno moja la kipepeo. Umaskini ni sisi tunaosomea lugha kutokwenda kumuuliza mkulima wa michungwa, au mfugaji wa vipepeo kule Amani ambaye lazima ajue kila kiwavi anakula jani gani, halafu tukayaandika anayosema.

Bibi amefariki. Sikuwahi kumuuliza alijuaje.