Gia ya Pili

Tulikuwa tumeshaipita Sange, katika Bonde la Ruzizi upande wa Kongo, tukielekea kaskazini, pikipiki ilipoanza kuruka gia. Dereva alikuwa ametia ya pili ili tupande kutoka kwenye korongo. Ghafla injini ikapiga kelele kama punda aliyekatikiwa kamba ya mzigo, mwendo ukafa, kisha gia ikakamata tena kwa kishindo nilichokisikia hadi kwenye meno. Ikarudia mara ya pili, na ya tatu. Tulipofika Luberizi dereva hakumuuliza mtu njia. Aliacha barabara, akaingia chini ya mwembe ambapo pikipiki nne zilikuwa zimelazwa ubavu kama ng'ombe wanaocheua, akazima.

Fundi hakushika spana. Aliuliza: ni gia gani? Inaruka ukivuta au ukiachia? Ikiwa baridi au ikishapata moto? Kisha akaipanda mwenyewe, akaenda nayo mwendo mfupi, akarudi akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Nimewahi kumwona mganga akisikiliza kifua cha mtoto namna hiyo. Kabla hajafungua hata nati moja alikuwa ameshajua, lakini hakusema. Alianza na yale ya nje, ya bei rahisi: waya wa klachi, ulegevu wake kwenye mkono, mkongojo wa gia na meno yake yaliyochakaa, kisha kile kinyota chenye springi kinachokaa chini ya kifuniko cha upande wa klachi. Kikilegea boliti, dereva hudhani bwati zima, yaani sanduku la gia, limekufa. Mafundi wangapi wangeruka hatua hizo na kumwambia mwenye pikipiki anunue injini! Huyu alimaliza kila mlango wa nje kabla ya kuvunja ukuta.

Nilikaa Luberizi siku mbili kwa sababu hiyo, na sijutii hata saa moja.

Gereji za Bonde la Ruzizi zina lugha yao. Pikipiki ni piki, klachi ni ambreyaje, gia ndogo ya mbele inayovuta mnyororo ni pinyo. Ni Kifaransa kilicholelewa na Waswahili mpaka kikasahau kwao. Fundi wa Dar es Salaam angesema klachi na sproketi, lakini wawili hao wangekaa juu ya injini moja wakaelewana kwa vidole tu.

Ndani ya bwati, gia hazikamatani kwa yale meno ya pembeni tunayoyajua kwenye picha. Yale hugusana wakati wote. Kinachoamua ni vipande vya chuma vilivyochomoza ubavuni mwa gia moja, vinavyoingia katika nafasi za gia ya jirani, na uma mwembamba ndio unaozisogeza. Vipande hivyo huchongwa kwa kuinama kidogo, ili mzigo unapozidi navyo vizidi kushikana. Hapo ndipo uzuri wa chombo hiki ulipo. Ubaya wake ni kwamba kona zikilika na kuwa mviringo, mzigo uleule uliokuwa ukizivuta pamoja huanza kuzisukuma mbali. Ndiyo maana gia huruka mlimani, hairuki tambarare. Na ya pili huumia kuliko zote, kwa sababu kutoka ya kwanza kwenda ya pili lazima upite katikati, penye gia huru. Dereva mwenye haraka husukuma mguu nusu, na kila nusu hiyo hung'oa chembe ya chuma.

Siku ile nilikumbuka pikipiki za magurudumu manne, zile za mbio, ambazo Suzuki iliziingiza kwenye ushindani mwaka 1985 kwa LT250R yake. Luberizi sikuiona hata moja. Zanzibar, kule Nungwi na Paje, watalii hupanda ndugu zao wapole. Lakini maradhi ya zile za mbio ni haya haya: klachi ya mkono, mnyororo, gia zinazooga mafuta, matairi mapana yasiyokubali kuteleza, na mpandaji anayetua kutoka angani huku amevuta mafuta mpaka mwisho. Pigo lote linaishia kwenye gia. Nyingi kati yake hazina hata zile raba zinazokaa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma la pikipiki ya kawaida, kupunguza mshtuko. Huku bondeni mchanga wa mashindano haupo. Yapo mashimo ya barabara ya taifa namba 5, yapo magunia ya makaa, wapo abiria wawili na mbuzi. Chuma hakijui tofauti.

Raba hizo za pikipiki yetu fundi alizitoa akaniwekea kiganjani. Zilikuwa zimelainika kama ugali uliolowa. Alikata nyingine kutoka kwenye tairi kuukuu, akazichonga kwa kisu, akazijaribu, akazitoa, akazichonga tena, mpaka zilipoingia kwa kusukumwa na gumba bila kupigwa nyundo. Kiwandani kitovu hiki kilifikiriwa na wahandisi. Hapa chini ya mwembe kilifikiriwa upya, na mtu anayeijua njia itakayopitwa.

Anaijua vizuri. Mto Ruzizi hushuka karibu mita 700 kutoka Ziwa Kivu hadi Tanganyika, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko juu ya Kamanyola. Pikipiki inayotoka bondeni kwenda Bukavu kwa upande wa Kongo hukutana na kupanda kwa Ngomo, na pale gia ya pili hufanya kazi ya mwaka mzima. Kwa hiyo madereva wa njia ile humwomba fundi pinyo ya meno 13 badala ya 14. Nguvu huongezeka, ila tambarare injini hulia, na mnyororo hujikunja kwa ukali zaidi. Aliniambia ana sababu nyingine ya kuipenda 13. Akanionyesha pinyo ya zamani ya meno 14: jino moja limeliwa, linalofuata limesalimika, moja limeliwa, moja limesalimika, hivyo hivyo mzunguko mzima. Mnyororo una pingili za ndani na za nje, na jumla yake ni shufwa. Meno nayo yakiwa shufwa, kila jino hukutana na pingili za aina moja maisha yake yote. Yakiwa witiri, hubadilishana. Hesabu hiyo hakuifundishwa ubaoni. Aliisoma kwenye chuma.

Mnyororo wa namna hii ulipewa hataza mwaka 1880 na Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi Manchester. Tangu hapo umebadilika kidogo sana. Fundi huupima kwa vidole viwili: anauvuta nyuma ya gia kubwa, na nusu ya jino ikionekana wazi, umekwisha. Kiangazi vumbi la bonde huchanganyika na grisi likawa msasa, kwa hiyo yeye hukataa kuupaka mafuta mnyororo mchafu. Huuosha kwanza. Mteja akinung'unika, anangoja amalize kunung'unika, kisha anaendelea kuosha.

Siku ya pili akaipasua injini. Mafuta yaliyotoka yalimetameta kama maji yenye magamba ya samaki. Akatumbukiza humo sumaku ya spika iliyokufa, ikatoka na ndevu nyeusi. Alitandika gunia la mchele, akapanga kila kitu kwa mpangilio wa kutoka: gia, washa nyembamba, uma, washa tena. Kijana anayejifunza alikatazwa kupita karibu, hata kwa kivuli. Uma aliulaza juu ya kipande cha kioo cha dirisha, ukacheza. Umepinda. Kona za gia nazo zilikuwa mviringo kama sabuni iliyotumika.

Dereva akaomba zisagwe tu, zichongwe upya. Wapo wanaofanya hivyo, na pikipiki huondoka ikiwa nzuri kwa wiki mbili. Fundi alikataa. "Ngoja kwanza, ndugu yangu," alisema. "Utakuwa Ngomo, mimi nitakuwa hapa." Tukangoja gia na uma kutoka Uvira. Wakati huo aliweka karatasi ngumu juu ya ukingo wa injini, akaigonga kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka chuma chenyewe kikaikata ikawa gasketi isiyo na kasoro.

Jioni alipomaliza, alinipandisha nyuma pamoja na gunia la mchele la jirani, ili pikipiki ijaribiwe kwa uzito wa kweli. Tukarudi mpaka kwenye lile korongo. Alitia ya kwanza, akabana klachi, akasukuma mguu mpaka mwisho, akaachia. Akavuta mafuta nusu, kisha yote. Hakutazama barabara kama ninavyotazama mimi. Alikuwa amegeuza sikio. Juu akasimama, akashuka tena, akapanda mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mara ya tano ndipo alipogeuka akaniuliza kama nimeshiba safari.

Mafuta ya zamani kijana aliyamimina kwenye kopo, akampelekea mama wa nyumba ya pili, ambaye nguzo zake zinaliwa na mchwa.