Pistoni na Kamshafti za Land Rover ya Mlimani

Anayefufua Land Rover Series III katika vilima vya Busunzu, kati ya Kibondo na Kasulu, haandai gari la maonyesho. Litapanda na magunia ya maharage kwa gia ya pili, kwenye vumbi jekundu, nchi ikikaribia mita 1,500 juu ya bahari na hewa ikiwa pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko Dar es Salaam. Spea ichaguliwe kwa kazi hiyo.

Pistoni zinunuliwe kabla bloku haijaenda kuchongwa. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilitoka kiwandani na silinda za milimita 90.47. Zikiliwa huchongwa kufikia saizi inayofuata, na juu ya pistoni utakuta chapa ya 20 au 40, yaani elfu za inchi zilizoongezwa. Fundi anayechonga kwanza kisha akaanza kutafuta pistoni anabahatisha. Mpe mchongaji pistoni zenyewe, kila silinda ichongwe kwa pistoni yake.

Boksi si ushahidi, maana lebo nzuri huchapwa popote. Ushahidi ni mikromita. Pistoni ya maana si duara kamili: ipime chini kwenye sketi, kwanza kwa kukatisha mwelekeo wa pini, kisha kwa kuufuata. Kipimo cha pili kinapaswa kuwa kidogo zaidi, na kichwa kiwe chembamba kuliko sketi, kwa sababu alumini ikishika moto hutanuka zaidi pale penye nyama nyingi na panapopata joto kali. Ukikuta duara tupu, juu na chini sawasawa, mrudishie muuzaji mali yake bila mjadala. Zote nne ziwekwe kwenye mizani ya sonara. Zikipishana zaidi ya gramu chache, injini itatetemeka. Pini iliyopakwa oili iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, isidondoke yenyewe.

Ringi nazo zina lao. Iingize moja ndani ya silinda, inyooshe kwa kichwa cha pistoni, halafu pima mwanya wake kwa fila geji. Kwa silinda ya upana huu, milimita 0.35 hivi inatosha. Mwanya ukiwa mdogo mno, ncha hugusana injini ikichemka, na silinda iliyochongwa jana inakwaruzwa leo. Kwa barabara za vumbi ningechagua ringi ya juu yenye kromu: inachelewa kukaa, lakini inastahimili. Na chujio la hewa la oili lisipotunzwa, hakuna ringi itakayokuokoa.

Kwenye kamshafti ndipo tamaa huingia. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968, na habari kama hizo bado humpandisha mtu mori akatafuta kamshafti ya mashindano. Aiache. Kamshafti inayochelewa kufunga valvu inafaa injini inayozunguka kwa kasi. Ikizunguka polepole, pistoni inayopanda huirudisha nje sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia, gari likakosa nguvu palepale mlima unapoanza. Kwa Busunzu, chukua ya kiwandani.

Kuipima si kazi kubwa. Nundu ni nane. Pima urefu wa kila moja, toa upana wake, kinachobaki ndicho kimo inachoinua. Nne za kuingiza hewa zilingane, nne za kutoa moshi zilingane. Pitisha ukucha kwenye ncha ukitafuta vishimo. Jaribu tupa pembeni mwa nundu, iteleze bila kung'ata. Iliyochongwa upya mara nyingi huwa imepoteza ngozi yake ngumu, hata ikimeta. Tapeti za Land Rover hii zina roli, hivyo kagua roli na pini zake. Mwenye Toyota ya injini ya 2F, ambayo tapeti zake ni bapa, asifunge kamshafti mpya juu ya tapeti kuukuu: zitaila.

Pesa zikitosha kitu kimoja tu, nunua pistoni na ringi. Kamshafti ya zamani ya kiwandani, iliyopimwa ikaonekana nzima, ni bora kuliko mpya isiyojulikana imetoka wapi.