Coleridge na Kanuni ya Kutenganisha Maana

Samuel Taylor Coleridge (1772–1834) anajulikana zaidi kuwa mshairi wa Uingereza ambaye, pamoja na William Wordsworth, alitoa diwani ya Lyrical Ballads mwaka 1798. Sisi tunaonelea kwamba athari yake katika fikra haikudumishwa na mashairi peke yake. Imedumishwa pia na kanuni moja ihusuyo maneno, na kanuni hiyo yawahusu sana wafasiri.

Katika Biographia Literaria (1817), Coleridge alishikilia kwamba lugha inayokua hutenganisha polepole maneno yaliyodhaniwa kuwa na maana moja, kadiri fikra za wasemaji zinavyopambanuka. Mfano wake mkuu ni vipawa viwili vya akili ambavyo watu walivichanganya. Kimoja hukusanya na kupanga tu vitu vilivyokwisha hifadhiwa katika kumbukumbu. Cha pili huviyeyusha vitu hivyo ili kiumbe kitu kipya chenye umoja. Mwaka 1934, karne nzima baada ya kufa kwake, mhakiki I. A. Richards alitoa kitabu kizima juu ya kipawa hicho cha pili.

Kanuni hiyo ilivuka mipaka ya fasihi. Mwaka 1833, katika mkutano wa wataalamu mjini Cambridge, Coleridge alipinga wachunguzi wa maumbile kuitwa wanafalsafa. Jina jipya la Kiingereza lililopendekezwa na William Whewell, na kuchapishwa mwaka 1834, ndilo tunalolifasiri leo “mwanasayansi”.

Hata hivyo, Coleridge hakosi lawama. Katika sura ya 13 ya kitabu chake aliahidi uthibitisho mrefu, kisha akaukatiza kwa barua ya “rafiki” ambayo aliiandika mwenyewe. Tofauti aliitangaza; kuithibitisha aliwaachia wengine.

Je, mfasiri wa Kiswahili afanyeje? Akiviita vipawa vyote viwili “ubunifu”, hoja nzima ya mwandishi imekufa, na mwanafunzi hataelewa ubishi ulihusu nini. Akikiita kile cha kwanza “njozi”, atampeleka msomaji kwenye ndoto na usingizi, jambo ambalo halimo. Tunapendekeza “ubunifu” kwa kipawa kiumbacho, na “upangaji wa taswira” kwa kile kikusanyacho. Istilahi hii ya pili haina utamu, lakini haidanganyi.

Kiswahili chenyewe si kigeni kwa kazi hii. Tumekwisha tenganisha “tafsiri” ya maandishi na “ukalimani” wa mazungumzo, na hakuna mwalimu wa fani hizo atakayekubali kuzirudisha katika neno moja. Basi kabla ya kuunda neno jipya, na tujiulize kwanza: ni mawazo mangapi yamejificha ndani ya lile la zamani?