Gunia la Sukuma na Deni la Udongo

Gunia la mahindi la kilo 90, likijazwa udongo na kusimamishwa, hukalia duara lenye upana wa sentimita 50 hivi. Hiyo ni kama sehemu ya tano ya mita mraba, nafasi ambayo hata ploti iliyobanana haikosi. Udongo ukifika kimo cha sentimita 80, ubavu wa gunia unakupa zaidi ya mita mraba moja na robo ya kupanda. Jumlisha na juu, umepata mara saba ya ardhi uliyoikalia. Anayesifu bustani za magunia huanzia hapo, na hesabu yake ni sahihi. Ila kuna hesabu ya pili. Ukitoa mawe ya katikati, ndani mmebaki lita 140 za udongo, yaani madebe saba. Toboa mashimo ya kuachana sentimita 20 na ubavuni itaingia miche thelathini, kila mmoja na fungu lisilofika lita tano. Shambani, sukuma wiki hupewa nusu mita hivi pande zote na mizizi hushuka itakavyo. Kwa hiyo gunia linaongeza mahali pa kupanda, lakini udongo ni ule ule kidogo, na karibu kila mbinu ya wakulima wa magunia ni njia ya kulipa deni hilo.

Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, ndiko mbinu hii ilikojulikana sana. Kwa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 mtaa ulifungika: barabara zikawa hazipitiki, reli ikang'olewa, bei ya chakula ikaruka. Mwaka 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités International likaanza kutoa miche na mafunzo ya kupanda kwenye magunia. Kulima ardhi yenyewe kusingefaa. Nafasi haikuwepo, na sehemu kubwa ya Kibera imejengwa juu ya takataka zilizoshindiliwa miaka mingi. Gunia lilitenga mizizi na uchafu huo.

Kiungo kikuu cha gunia ni nguzo ya mawe, na hapa ndipo wengi huharibu. Ukimwagia maji juu ya udongo mtupu wa kimo hicho, mawili hutokea: ama tabaka la juu linakuwa tope na chini kunabaki pakavu, ama maji yanapata upenyo kando ya gunia na kutoka yote. Dawa yake ni gorogoro, kopo la kupimia nafaka, iliyokatwa wazi pande zote mbili. Unaisimamisha katikati, unaijaza kokoto, unapanga udongo kuizunguka na kuubana kidogo kwa mkono, kisha unaivuta juu taratibu. Kokoto zinabaki zimesimama. Unajaza tena, unavuta tena, mpaka juu. Maji yakimiminwa kwenye nguzo hiyo yanagawanyika kila kimo yanaposhuka. Lakini yamwage polepole. Ukimimina ndoo nzima kwa mkupuo, nguzo inageuka bomba na maji yanatokea chini kabla udongo haujanywa.

Mchanganyiko ni madebe mawili ya udongo kwa moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi hupata joto ndani ya gunia na kuunguza mizizi. Udongo mwekundu wa Nairobi unafaa. Ule mweusi wa upande wa Embakasi hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyufa zake ni mifereji ya kupotezea maji. Haufai bila mchanga na samadi nyingi. La kuangalia zaidi ni ulikochotwa. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, lakini risasi haiozi, na udongo wa kando ya barabara kuu bado unaweza kuwa nayo. Udongo wa jalalani, palipotupwa betri, usiuguse hata ukipewa bure.

Mashimo hutobolewa kwa kijiti kilichochongwa. Kisu hukata nyuzi za gunia na shimo huendelea kuchanika lenyewe, ilhali kijiti huzisogeza tu. Subiri siku chache udongo ukae, lowesha, panda jioni. Safu ya chini iache nafasi kidogo kutoka ardhini, la sivyo unalisha kuku wa jirani.

Uchaguzi wa mboga nao una siri yake. Sukuma huchumwa majani ya chini, kichwa kinaachwa, na mche mmoja unaendelea kuzaa kwa miezi. Mchicha wa kung'oa unaacha shimo tupu na kazi ya kupanda upya. Ndiyo maana ubavuni hukaa sukuma na spinachi, na juu huwekwa dhania au vitunguu. Anayeishi Mombasa asiige kichwa kichwa: sukuma hupenda ubaridi wa Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya bahari. Huko chini afadhali matembele na mchicha wa kuchuma.

Na mazao? Nikikadiria majani mawili kwa mche kila wiki, miche thelathini inatoa majani sitini. Hiyo ni mboga ya siku mbili tatu kwa nyumba moja. Wanaoahidi kwamba gunia moja litaondoa njaa ya familia wanauza maneno. Linachofanya ni kuondoa siku kadhaa za kununua sukuma, na kwa mtu wa kibarua hizo si haba.

Ili majani yaendelee kuja, deni la udongo lilipwe. Loweka samadi ndani ya ndoo wiki mbili, zimua mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi, mimina kwenye nguzo kila baada ya wiki mbili. Kwa maji ya kila siku, ya kusuuzia vyombo na ya kuoshea mchele yanafaa. Ya kufulia yenye sabuni nyingi hayafai: chumvi zake huuziba udongo hadi ukakataa kunywa.

Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015, lakini ndani ya ploti mwenye kauli ni mwenye nyumba. Zungumza naye kabla ya kujaza, kwa sababu gunia lililonyweshwa linapita kilo 200 na halisogei tena. Lisimame panapopata jua la asubuhi na la alasiri, maana ubavu usioona jua unatoa majani membamba. Jua hilo hilo ndilo linaloliua gunia: baada ya misimu kadhaa nyuzi zinakatika zikiguswa. Hapo unalipasua, unarudisha kokoto kando, unaongeza madebe mawili ya samadi kwenye udongo ule ule na kutafuta gunia jingine.