Sasumua: Udongo Uliowatia Wahandisi Mashaka

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Nairobi ilikuwa inakua haraka kuliko maji yake. Wahandisi wakapanda hadi Kinangop Kusini, ubavuni mwa milima ya Aberdare, kuuziba Mto Sasumua kwa tuta la udongo ili maji yateremke kwa bomba hadi jijini.

Udongo ulipatikana palepale: mfinyanzi mwekundu uliotokana na miamba ya volkano. Tatizo lilijitokeza maabarani. Hata uliposhindiliwa, ulibaki na maji mengi na uzito mdogo kwa kila mita ya ujazo. Kwa vigezo vilivyozoeleka Ulaya na Marekani, udongo wa namna hiyo ni mlegevu, na kuupandisha kuwa tuta la zaidi ya mita 30 ni hatari.

Ushauri ukaombwa kwa Karl Terzaghi, mhandisi mzaliwa wa Prague aliyeasisi elimu ya kisasa ya mekanika ya udongo.

Terzaghi alitaka kwanza kujua udongo ule umeumbwa na nini. Uchunguzi ulionyesha madini ya haloisiti, ambayo chembe zake hushikamana na kuwa mafungu magumu yenye vinyweleo kama sponji. Maji yaliyopimwa kwa wingi yalikuwa yamefungiwa ndani ya mafungu hayo, hayakuwa yakilainisha migusano kati ya fungu na fungu. Ndiyo maana udongo ulionekana mwepesi na wenye maji, huku ukiwa imara na usiopitisha maji kirahisi. Ukatumika, tuta likasimama, na mwaka 1958 Terzaghi akachapisha uchambuzi wake London. Hadi leo wanaojenga kwa udongo wa volkano huurejea.

Udhaifu ulikuja kuonekana kwingine. Mei 2003 mvua kubwa iliharibu utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, na kina cha bwawa kikalazimika kushushwa. Maji yakipita juu ya tuta la udongo, hulichimba hadi likatike.

Somo hilo la utoro linaihusu pia Kasese, wilaya ya magharibi mwa Uganda. Mitambo ya umeme kwenye mito Lubilia na Nyamugasani hutumia mteremko wa milima ya Ruwenzori bila kuhifadhi ziwa kubwa. Anayefikiria bwawa la udongo kwenye bonde kama la Nyamwamba, ambako mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 yalibingirisha mawe makubwa hadi mji wa Kilembe, atalazimika kupiga hesabu ya utoro kabla ya kuchagua udongo.