Hadoop Inakuamini Mno

Ukisimika Hadoop, ile programu ya kugawa data kubwa kwenye kompyuta nyingi, ukaacha mipangilio ya usalama ilivyo, haikuulizi nywila. Unajitambulisha kwa mstari mmoja, HADOOP_USER_NAME=hdfs, nayo inakubali. Basi! Mwanafunzi yeyote aliye kwenye mtandao wa maabara anaweza kufuta data za wenzake wote.

Dawa ipo: Kerberos, iliyotengenezwa MIT miaka ya 1980. Seva moja inatunza siri za watu na huduma zote. Ukishathibitisha wewe ni nani, inakupa tiketi ya muda, na hiyo ndiyo unayoonyesha kwingine. Nywila yenyewe haisafiri kwenye mtandao. Hapo sina ugomvi, ni kazi safi.

Ugomvi wangu ni na mwongozo nilioufuata kuisimika. Umejaa amri za kunakili, lakini haukusema popote kwamba saa za mashine zikipishana zaidi ya dakika 5, tiketi zinakataliwa. Siku mbili zimekwenda hapo, jamani. Halafu seva ya tiketi uliiweka kwenye mashine ileile ambayo watumiaji wanaendeshea kazi zao, na faili la .keytab ukaliacha likisomeka na kila mtu. Faili hilo ni ufunguo wa huduma. Aliye nalo hahitaji nywila. Umefunga kufuli, ufunguo umeuning'iniza mlangoni. Kulikabidhi kwa huduma husika na kuandika chmod 400 ni mistari miwili tu, na mwongozo mzima haukuwa nayo.